Mke wa Pili wa Hamriya

Juzi mwanangu alirudi nyumbani magharibi akinuka dawa ya kuchua misuli, na kabla hajavua viatu nilikuwa nimeshamuuliza maswali matatu. Alikuwa wapi, alikuwa na nani, na mbona simu haikupokewa. Akacheka, akasema, "Mama, nilikuwa mazoezini. Niulize basi na rangi ya mpira." Nikamwacha apite. Lakini nilibaki pale ukumbini na ile harufu, kafuri na karafuu na kitu kingine kikali kinachopanda puani, na mara nikajikuta nina miaka tisa, nimekaa ndani ya gari la baba huko Hamriya, nikiamini kabisa kwamba hii ndiyo harufu ya mwanamke aliyekuja kutuvunjia nyumba.

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema msije mkanilaumu baadaye. Mume wangu akinisifia mchuzi, huwa najiuliza amevunja nini. Watu husema dhana mbaya ni dhambi, na ni kweli, ila mwenye dhana hajioni mwenye dhambi, hujiona mwerevu. Mwaka ule nilijiona mwerevu kuliko watu wazima wote niliowajua.

Tulikuwa tunakaa Wadi Kabir, katika mji wa Kiarabu wa pwani, mtaa wa jirani na Hamriya. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu chuoni, mzaliwa wa Unguja kama mama, na nyumbani kwetu Kiswahili na Kiarabu vilikaa kwenye sentensi moja bila kugombana. Kabla ya mwaka ninaousimulia, baba ndiye aliyekuwa akiifundisha timu ya mpira ya chuo. Aliupenda mpira kupita kiasi. Kwenye meza ya chakula alipanga vikombe kuwa mabeki na viazi kuwa washambuliaji, na mama akila kiazi, baba alilalamika kwamba amemtoa mchezaji wake bora.

Kisha mama akajifungua kabla ya siku zake. Siku hiyo baba alikuwa mji wa mbali wa Sur na timu, kwenye mashindano ya siku tatu, na nyinyi mliokua miaka ile mnajua simu zilikuwa za mezani tu. Mtu akishatoka mlangoni, umeshampoteza. Jirani ndiye aliyempeleka mama hospitali. Mdogo wangu aliishi siku moja na nusu. Baba aliporudi alikuta mtoto keshazikwa, na mjomba ndiye aliyeingia kaburini kumlaza. Timu ilikuwa imefungwa mabao manne, jambo ambalo hakuna aliyeuliza. Baba alichukua msahafu, akaweka mkono juu yake, akaapa mbele ya mama kwamba hatofundisha mpira tena maisha yake. Mama hakuwa amemwomba kiapo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeapa mwenyewe," akaenda kulala.

Basi mpira ukatoka nyumbani kwetu, pamoja na filimbi na zile picha za ukutani. Timu ya chuo ilikaa karibu mwaka bila kocha, kisha akapewa Mkenya mmoja, Barasa, fundi wa maabara, ambaye wakati wa ujana wake alicheza huko kwao Kakamega. Sisi hatukumjua. Kikombe kikarudi kuwa kikombe, na mimi nikasahau kwamba kuna kitu duniani ambacho baba angeweza kukipenda mpaka akafanya siri.

Nadhani mwaka ulikuwa umepita pale lilipopotea sinia. Si sinia dogo. Ni lile kubwa la harusi, ambalo watu tisa hulizunguka bila kugongana viwiko. Mama alilitafuta siku mbili. Baba akasema labda jirani kaazima, na hapo hapo nikamtazama vizuri, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kujua jirani kaazima nini. Baada ya sinia ikafuata samli. Bibi, mama yake mama, aliyekuwa akikaa Bustan kwa mjomba, alituletea kopo kila mwezi, na mwezi ule kopo lilifika nusu kabla wiki ya pili haijesha. Kisha nikamsikia baba kwenye simu, amenipa mgongo, anasema taratibu, "Nnataka waje wote wamevaa sawa. Nyekundu na nyeupe. Na msimwambie mtu mpaka siku yenyewe." Nyinyi mngeelewa nini? Mimi nilielewa harusi.

Kwa nini harusi na si kitu kingine? Kwa sababu mwaka huo huo baba yake rafiki yangu wa darasani alioa mke wa pili, na rafiki yangu alinisimulia dalili zote hatua kwa hatua, kana kwamba ananifundisha kujumlisha. Vyombo hupungua. Baba hucheka peke yake. Hutoka alasiri kwa kisingizio cha kazi. Baba yangu alikuwa na zote, na zaidi ya hapo alikuwa akipiga mluzi bafuni. Na Bibi naye hakunisaidia. Alipoambiwa habari ya sinia alisema, huku anajipepea, "Mwanamme akianza kutoa vyombo nyumbani, ujue pana jiko jengine." Mama alimkata, "Mama, acha maneno yako." Lakini niliona mkono wa mama umesita juu ya birika.

Jumatano moja baba alinichukua Hamriya kuninunulia viatu vya skuli. Tulipokwisha, hakurudi nyumbani. Aliegesha gari nyuma ya duka la fundi cherehani, akashusha vioo, akasema, "Nisubiri dakika tano, mama. Usishuke." Akapanda ngazi za nje mpaka juu. Nikatoa kichwa. Juu kulikuwa na dirisha, na dirishani imetundikwa kanga, ya manjano na nyeusi, mpya mpya, maandishi yake yamekunjwa nisiweze kuyasoma. Nyumba ya wanaume haiweki kanga dirishani.

Dakika tano zilikuwa ishirini. Akashuka mtu mrefu mweusi wa shati la kazi, anatabasamu, mkononi ana soda. "Sasa, mrembo? Wewe ndiye Maryam? Mimi ni Barasa. Baba yako anakusifu sana kwa hesabu. Kunywa hii kabla ipate joto, mzee anakuja saa hii."

Nikaipokea soda, nisiinywe. "Nani anakaa juu?" nikamuuliza.

Akaangalia juu, akacheka. "Ni watu wetu tu. Hata wewe utawajua, usijali. Lakini kwa sasa hiyo ni siri ya mzee na mimi, sawa? Nimemwambia aseme nyumbani, lakini unajua wazee."

Nilijua wazee. Nikamwona huyu bwana kuwa ndiye mshenga, mtu aliyemtafutia baba mwanamke, tena bila shaka dada yake mwenyewe, Mkenya wa kanga za manjano. Kila alivyotabasamu ndivyo nilivyozidi kumchukia. Baba alipoingia garini alikuwa na punje ya wali kwenye ndevu, na kanzu yake yote inanuka ile kafuri na karafuu. Nikaamua hayo ndiyo manukato ya bi harusi. Nilifikiri, ana ladha mbaya ya manukato, huyu mama wa kambo. Njia nzima baba aliniuliza kama viatu vinanibana, nami nikajibu kila mara, "Havibani," huku nalia upande wa dirisha.

Nilistahimili mpaka Ijumaa. Baba alikuwa msikitini. Bibi amekuja, amekaa mkekani anachagua mchele, na mama ananisuka. Mtu anayesukwa hawezi kumtazama anayemsuka, na hilo ndilo lililonipa ujasiri.

"Baba ana mke Hamriya," nikasema.

"Khaa!" Bibi akaacha mchele. "We mtoto! Ulimi huo nani kakupa?"

Vidole vya mama viliendelea kusuka, mstari ule ule, wala havikukaza wala kulegea. Aliumaliza mpaka shingoni, akaufunga uzi. Ndipo akauliza, "Umemuona?"

"Nimeona kanga dirishani. Na sinia letu liko huko. Na Mkenya wa chuoni anajua, kaniambia ni siri."

"Zuwena," Bibi akamwita mama kwa jina, pole pole, "usifanye kitu na hasira. Kesho uje Bustan kwa kaka yako, tuzungumze."

"Sina hasira," mama akasema. "Geuka, Maryam, nisuke upande wa pili."

Nitasema ukweli: nilijisikia mkubwa. Nilidhani nimemwokoa. Mtoto akishika siri ya mzazi huona ameshika usukani wa nyumba, na mimi nilikuwa tayari nimeshapanga kwamba baba ataomba radhi, Mkenya atakemewa, na sinia litarudi kabatini.

Jumatatu baba aliaga alasiri kwamba anakwenda kusahihisha mitihani. Mama alingoja gari lipinde, akavaa abaya, akanishika mkono, tukasimamisha teksi. Hamriya nilimwonyesha duka la fundi, nikamwonyesha ngazi, tukapanda. Mlangoni palikuwa na viatu vingi sana vya kiume, makubadhi na ndara, vimetupwa ovyo. Nikamnong'oneza mama, "Wageni wa harusi." Mama akausukuma mlango.

Walikuwa vijana kumi na wanane. Wamekaa chini kuzunguka masinia mawili, moja letu, wengine magoti yamefungwa bandeji, na chumba kizima kinanuka wali ulioungua na dawa ya kuchua. Kwenye kamba pembeni zimeanikwa jezi nyekundu na nyeupe. Barasa alikuwa amechuchumaa kwenye jiko anakwangua sufuria. Na baba, mikono ya kanzu imekunjwa, alikuwa amekaa katikati ya vijana wawili, amechambua kipande cha nyama na anakisogeza mbele ya golikipa. Kipande kilibaki vidoleni mwake.

Vijana wote wakasimama kwa adabu, wakatazama chini. "Karibu, khalati," mmoja akasema kwa sauti ndogo, akimwita kwa heshima ya mama mdogo.

Mimi nilitaka kucheka kwa furaha. Hakuna bi harusi! Nilimtazama mama nikitegemea naye ashushe pumzi. Lakini uso wake, ambao tangu Ijumaa ulikuwa umetulia, ndipo sasa ulipobadilika.

"Mpira," akasema.

"Zuwena, nisikilize kwanza."

"Ungekuwa mke ningejua la kusema. Ningemuuliza jina lake, na kwao wapi. Mke ni haki yako, hukuniapia kitu juu ya mke." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Uliniapia juu ya hiki."

Akawageukia wale vijana, akawaambia waendelee kula, chakula kisipoe. Kisha tukashuka ngazi. Jioni hiyo hiyo tulikuwa Bustan, mimi na yeye na begi moja, na kwa mara ya kwanza nikafahamu kwamba nimevunja kitu ambacho sikuwa nakijua hata kipo.

Kilichokuwa kikifanyika pale juu ya duka la fundi nilikuja kukijua baadaye, kwa wachezaji wenyewe. Barasa alipopewa timu, wiki mbili za mwanzo hakupiga filimbi. Alikaa kandoni akatazama. Kisha akaacha kutazama kiwanja, akaenda kutazama mkahawa wa chuo. Akaona vijana wa kwetu, wenye Kiswahili, wana meza yao. Wa kutoka milimani huko Nizwa na bara ya ndani wana yao. Na Mabalushi wa Matrah, wenye lugha yao wenyewe, wana yao. Uwanjani ilikuwa vivyo hivyo. Beki wa mlimani alikuwa radhi aupige mpira nje kuliko kumpa kiungo wa Matrah. Barasa akamfuata baba ofisini, kwa kuwa alisikia ndiye aliyekuwa kocha kabla yake, akamwambia, "Mwalimu, hawa vijana miguu hawana shida. Mtu hawezi kukupa mpira kama hajawahi kukupa chumvi."

Baba alikuwa ameapa asifundishe. Kutoa ushauri, akajiambia, si kufundisha. Kutoa sinia si kufundisha. Kuja mara moja kuona wanavyokula, je, ni kufundisha? Hivyo ndivyo mtu mzima anavyoteremka ngazi moja moja huku anajisifu kwamba hajaruka. Wakapanga vile vyumba viwili vya juu ya duka, na mara tatu kwa wiki baada ya mazoezi vijana wakawa wanapika na kula pamoja. Barasa ndiye aliyepanga nani akae na nani, na kila siku aliwabadilisha. Na akaweka sharti moja, alilolitoa kwenye desturi yetu wenyewe baada ya kuona jinsi mwenye nyumba wa Kiarabu anavyomchambulia mgeni nyama: hapa nyama haichukuliwi, hupewa. Ukitaka kipande, sharti jirani yako akione mbele yako hamna, akusogezee. Asiyetazama wenzake huwalaza na wali mtupu. Wiki ya kwanza, walinisimulia, wali ulikuwa mtupu kweli, nyama ikarudi jikoni nzima nzima. Wiki ya pili wakaanza kutazamana. Mwezi wa pili wakashinda mechi tatu mfululizo. Na ile kanga ilikuwa ya mkewe Barasa, aliyompa uwanja wa ndege kwao. Dirisha lilikuwa halina pazia na jua la alasiri likiwapiga machoni.

Bustan tulikaa siku nane. Bibi, ambaye ndiye aliyewasha moto kwa mdomo wake, sasa akageuka mzimamoto. "Mwanangu, rudi kwa mumeo. Kafara ya kiapo ni kulisha masikini kumi, mwenzio kalisha kumi na wanane!" Mama hakucheka. Siku ya nane baba akaja. Walikaa varanda, mimi nimepewa chungwa nile pembeni, na hakuna aliyenifukuza kwa sababu watu wazima wakiwa na uchungu husahau kwamba mtoto ana masikio.

Baba aliomba radhi, na aliomba kweli. Hakusingizia kazi wala mkuu wa chuo. Alisema, "Nlikuwa kila nikipita kiwanjani naona nimezika wawili." Mama akalia hapo, na mimi nikalia bila kujua kwa nini. Kisha mama akasema fainali imebaki wiki mbili, basi amalize alichoanza, hadharani, kila mtu ajue. Ikisha, ndiyo mwisho.

"Nilichokataa ni kufichwa," akasema. "Nani mwengine alijua?"

"Barasa tu." Kisha niliona wazo linamwingia baba, na niliona linampa nafuu. "Ni yeye aliyekwambia. Kila siku akinishikilia, mwambie mkeo, mwambie mkeo. Nlimwamini kama ndugu, na kanizunguka."

Mama alinyanyua macho akanitazama. Alichotakiwa kusema ni neno moja. Na mimi nilitakiwa kusema moja. Chungwa lilikuwa mdomoni, na nilikuwa naogopa kwamba baba akijua ni mimi hatoniita tena "mama", hatonipeleka tena popote na gari lake. Nikatazama miguu yangu. Mama akarudisha macho kwa baba, akasema, "Sasa imekwisha. Tusitafutane ubaya." Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Mimi ninayeshuku kila kitu nimelishuku hata hilo: nadhani alinihifadhi, na nadhani pia ilimfaa.

Siku mbili baada ya kurudi kwetu, Barasa alikuja mlangoni na sinia letu. Alikuwa amelisugua mpaka linang'aa. Baba hakumkaribisha ndani, jambo ambalo sijawahi kuliona nyumbani kwetu kabla wala baada ya hapo, hata kwa muuza mazulia. Mimi nilikuwa ukumbini, mlango umefunguka nusu.

"Mwalimu, mimi sikusema kitu kwa madam," Barasa akasema. "Naapa kwa mama yangu. Nilitaka useme wewe mwenyewe, hiyo nakubali. Lakini sikusema."

"Basi nani?"

Macho ya Barasa yakaingia ndani ya mlango, yakanikuta. Alikuwa ameniona garini, alikuwa amenipa soda, alikuwa amenijibu swali. Sidhani alihitaji hesabu nyingi. Nikasubiri aseme, na nusu yangu ilitamani aseme ili yaishe. Hakusema.

"Sijui, mzee," akajibu. "Lakini kama nimekuwa mwiba kwa nyumba yako, nitatoka. Hiyo timu iko sawa sasa. Usibadilishe tu vile wanakaa."

"Weka sinia hapo," baba akasema.

Akaliweka chini taratibu lisipige kelele. "Kwaheri, mrembo," akaniambia.

Fainali ilichezwa kwenye kiwanja cha chuo, na baba alisimama kando hadharani, mama na mimi tumekaa jukwaani. Bao lilikuja mwishoni kabisa. Hamed, kijana wa Nizwa, alikuwa na nafasi ya kupiga mwenyewe, uwanja mzima unampigia kelele apige, akainua kichwa na kumsogezea Murad wa Matrah aliyekuwa peke yake upande wa pili. Alimsogezea bila papara, kama anavyosogezewa mtu nyama. Wakambeba baba juu. Nilimwona anacheka na kulia pamoja. Mama alipiga makofi mara mbili tatu, kisha akafungua mkoba wake akatafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Khalfan, nahodha, mtoto wa jamaa zetu, alikuja jukwaani na medali shingoni, anatazama huku na huku. "Ustadh, Barasa yuko wapi? Tumemuekea yake."

"Ana kazi," baba akasema.

Mkataba wa Barasa ulimalizika kabla ya Ramadhani. Mkataba wa mgeni huhitaji mtu wa kumsemea, na mtu huyo alikuwa baba, na hakuna aliyemsikia baba akisema neno. Hakumsema vibaya. Hakumsema kabisa. Barasa akarudi Kakamega, na kwenye ile picha ya kombe iliyotundikwa chuoni hayumo. Baba alitimiza neno lake, hakufundisha tena. Ila kila mwaka walimwalika kuzungumza na vijana wapya, awaeleze timu ya ubingwa hujengwa na nini. Alisema nidhamu, alisema subira, na mwisho alikuwa akiinua kidole na kusema, "Nyama haichukuliwi, hupewa," na ukumbi mzima ukipiga makofi. Alilisema kama lake. Nadhani mwishowe aliamini ni lake. Miaka aliyonichukua, mimi nilipiga makofi pamoja na wengine, na viganja vinaniwasha kwa aibu.

Nililibeba jambo hilo mpaka nikaolewa, nikazaa. Baba alikuwa keshastaafu, magoti hayamsaidii tena. Alasiri moja nilimkuta peke yake amekaa barazani, na labda kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine, nikamwambia bila utangulizi.

"Baba, aliyemwambia mama habari za Hamriya nilikuwa mimi. Hakuwa Barasa."

Hakushtuka. Alikunja vizuri pembe ya kanzu yake juu ya goti.

"Nnajua."

"Umejua lini?"

"Siku ile ile, Bustan. Nlimtaja Barasa, nawe ukatazama miguu yako. Hukunitazama usoni mwezi mzima."

"Umejua, na ukamwacha kwenye mlango namna ile? Ukamwacha aondoke?"

"Mama yako aliuliza nani mwengine alijua, nami nlikuwa nishamtaja Barasa. Ningelirudisha neno, lingekuangukia wewe." Akanitazama, macho ya mzee, hayana ukali wala kujitetea. "Barasa alikuwa mgeni, mwanangu. Mgeni huondoka. Wewe ningekuondosha wapi?"

Nilijua ninachopaswa kuhisi. Nilijua kwamba mtu mwema, aliyetengeneza timu nzima kwa sufuria ya wali, alitupwa nje ili mimi nibaki ndani, na kwamba sisi watatu tulifanya hivyo bila hata kukaa kikao. Nilitaka nikasirike kwa ajili ya Barasa. Lakini kilichonijia kwanza, kabla ya hasira na kabla ya aibu, kilikuwa furaha.